Kutumia Zaidi: Zaidi ya Nani, Zaidi ya Nini?

Yapo makosa ya lugha ambayo humpotezea mwanafunzi alama moja katika mtihani, na yapo yanayompotezea mtu jina lake jema. Leo nataka kuungama kosa la aina ya pili. Nililitenda mimi mwenyewe, tena nikiwa mwalimu wa Kiswahili niliyehitimu na kuaminiwa, na chanzo chake kilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza: "outspend".

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule moja ya sekondari ya bweni huku Pwani. Mkutano wa wazazi ulikuwa umekaribia, na halmashauri ya shule ilikuwa imeandaa taarifa ya fedha kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa ada. Wazazi wengi hawakukifahamu Kiingereza hicho. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanikabidhi kurasa nne na kuniambia, "Mwalimu, zitie hizi katika Kiswahili, nizipate kesho asubuhi." Nikazitia. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi fupi iliyoeleza uhusiano wa idara ya michezo na maktaba katika matumizi ya mwaka uliotangulia. Kitenzi kilichotumiwa kilikuwa hicho nilichokitaja, na kwa kila shilingi iliyokwenda vitabuni, shilingi mbili hivi zilikuwa zimekwenda uwanjani. Mimi, kwa mwanga wa taa ya chemli na haraka ya usiku, nikaandika: "Idara ya michezo ilitumia fedha kupita kiasi, takriban maradufu."

Siku ya mkutano taarifa ikasomwa chini ya mwembe. Ilipofika sentensi ile, mzee mmoja mvuvi, baba wa mwanafunzi wa kidato cha pili, akasimama na kuomba radhi kwanza kwa kukatiza. Kisha akauliza, "Mwalimu mkuu, kiasi chenyewe kilikuwa kipi? Na huyu kijana ni nani aliyempa ruhusa ya kukipita?" Kijana aliyekusudiwa alikuwa mwalimu wa michezo, mtu mpole aliyekuwa na mwaka wa pili tu kazini. Alikuwa ametumia fedha alizogawiwa na halmashauri, hazikuzidi hata senti, na stakabadhi zote alikuwa nazo ndani ya faili. Alijaribu kueleza. Lakini nani angemsikiliza, ilhali taarifa rasmi ya shule, iliyosomwa kwa kinywa cha mwalimu mkuu, ilikuwa imekwisha kumhukumu? Mwalimu mkuu mwenyewe akatahayari, kwa kuwa alikuwa anasoma Kiswahili changu bila kukilinganisha na Kiingereza chake. Nami nilikuwa nimeketi safu ya nyuma. Ilinichukua muda kutambua kwamba moto ule niliuwasha mimi, na nilipotambua, nilinyamaza. Muhula uliofuata kijana yule aliomba uhamisho.

Hebu sasa tukichunguze kitenzi chenyewe, maana naona kila mwaka wanafunzi, na hata baadhi ya wanahabari wetu, wakiingia katika shimo lile lile.

Kiingereza kina viambishi awali viwili ambavyo mwanafunzi huvidhania kuwa ni ndugu pacha: "out" na "over". Kila kimoja huweza kutangulia kitenzi cha kutumia fedha, na vyote viwili hutafsiriwa kwa pupa kuwa "kutumia zaidi". Ni kweli kwamba pana "zaidi" katika vyote viwili. Tatizo ni kwamba "zaidi" ya Kiswahili hudai kijalizo. Zaidi ya nani? Zaidi ya nini? "Overspend" hujibu swali la pili: umetumia zaidi ya kipimo, zaidi ya bajeti, zaidi ya uwezo wako. "Outspend" kwa kawaida hujibu swali la kwanza: umetumia zaidi ya mtu mwingine. Mtu aliye peke yake kisiwani, mwenye mfuko wa fedha na duka moja, anaweza kufanya hilo la "over" asubuhi hiyo hiyo. Hilo la "out" hawezi kulifanya mpaka jahazi limletee mwenzake.

Tazama jamaa nyingine za kiambishi hiki cha "out". Kipo kitenzi cha kumpita mtu mbio, kipo cha kuishi baada ya mwenzako kufa, kipo cha kuwazidi wengine kwa idadi, na kipo cha kumzidi mtu ujanja, ambacho sisi tungesema amemzidi kete. Vyote hivyo vina watu wawili au pande mbili ndani yake. Shakespeare, katika tamthilia ya Hamlet, alikwenda mbali zaidi akakibandika kiambishi hicho mbele ya jina la mfalme Herode, ili kumsema mwigizaji anayempita hata Herode kwa makelele jukwaani. Jamaa za "over", kinyume chake, ni kula hadi kuvimbiwa na kulala hadi kupitiliza. Humo hamna mpinzani. Kuna mtu na mpaka wake tu.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi yapasa alitie akilini ni yambwa. Katika Kiingereza, yambwa ya "outspend" ni mshindani, wala si fedha. Kitenzi humrukia mtu moja kwa moja, kana kwamba matumizi ni konde. Hapa ndipo Kiswahili kinapokataa kata kata kufuata nyayo, na sababu yake inapendeza. Kitenzi chetu "tumia" ni kauli ya kutendea ya "tuma". Ukikiacha bila kiambishi cha mtendwa, "nimetumia pesa", umeeleza kwamba fedha zimekutoka. Ukimpachika mtu ndani yake, "nimemtumia pesa", hukushindana na mtu huyo hata kidogo, umempelekea! Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza humu nchini mwaka 2007, hakuna Mkenya asiyeijua tofauti hiyo, maana "nimekutumia" ni habari njema kuliko zote zinazoweza kuingia katika simu. Nawe ukiondoa neno pesa, ukasema tu "alimtumia", unaweza kueleweka kuwa mmoja alimfanya mwenziwe chombo cha kujifaidisha. Kwa hiyo mshindani hana nafasi ndani ya "tumia". Sharti atafutiwe kitenzi kingine cha kumbeba.

Kitenzi hicho ni "zidi". Na hapa Kiswahili hakihitaji kuazima cha mtu. Twasema: amenizidi umri, amenizidi kimo, amenizidi nguvu. Mtu huwa yambwa, na kile kinacholinganishwa hufuata papo hapo bila kihusishi. Basi: "Idara ya michezo iliizidi maktaba matumizi." Naam, ni sentensi fupi, na haina lawama wala sifa. Laiti ningaliiandika usiku ule! Wako watakaopenda "iliizidi maktaba kwa matumizi", nami siwakosoi. Ila nawaonya kwamba "kwa" hiyo itahitajika mbele kidogo, mtakapotaka kutaja kiwango cha tofauti: "iliizidi matumizi kwa shilingi elfu kumi." Ukiziweka "kwa" mbili zikifuatana, sentensi huanza kukwaruza kama mtumbwi juu ya mwamba.

Katika kutendwa, Kiingereza husema kwa neno moja tu kwamba fulani alifanyiwa hivyo. Kwetu ni "tulizidiwa". Lakini usiliache neno hilo peke yake! Mgonjwa akizidiwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitalini. Lipe kijalizo chake: "tulizidiwa matumizi na jirani zetu."

Kuhusu uwiano nitasema kidogo tu, kwani walimu wa hisabati wananielewa. Kiingereza hupenda kusema kwamba huyu alimzidi yule tatu kwa moja. Usiandike "alitumia mara tatu zaidi", maana msomaji makini atakuuliza kama ni mara tatu ya fedha za mwenzake, au ni fedha za mwenzake na mara tatu nyingine juu yake, ambazo ni nne. Andika: "alitumia mara tatu ya fedha alizotumia mpinzani wake."

Sasa, mpenzi msomaji, unaweza kuuliza: kwa nini sikuliona "zidi" usiku ule, nami ni mtoto wa Kiswahili? Nimelitafakari swali hili kwa miaka mingi. Nashawishika kuamini kwamba nilipotoshwa na utajiri. Lugha yetu imejaliwa maneno chungu nzima ya kumsema vibaya mtu anayetoa fedha. Hufuja, hutapanya, huponda mali, hutumbua. Kutoka Kiarabu tumepokea ubadhirifu na israfu, na yote mawili yamekuja na harufu ya dhambi. Methali nayo inatuasa kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Ukilelewa ndani ya msamiati wa namna hiyo, kila ukikutana na kitenzi cha kigeni chenye fedha na wingi ndani yake, kalamu hukimbilia lawama yenyewe. "Outspend" haina lawama. Huweza kusemwa kwa sifa, kwa wivu, kwa masikitiko au kwa baridi ya mhasibu anayesoma tarakimu zake.

Ili nisionekane nimejilaumu mno, niongeze kwamba baadaye nilifungua kamusi, na kamusi ikanitetea nusu. Kamusi ya Kimarekani ya Merriam-Webster inakipa kitenzi hiki maana mbili, na mojawapo ni kuvuka mpaka katika kutumia, kama vile mtu anapotumia zaidi ya mapato yake. Hivyo basi yambwa ndiyo inayoamua. Ikiwa yambwa ni mapato, tafsiri yako iende upande wa kupita uwezo. Ikiwa ni mtu, kampuni, chama au nchi, ni kuzidiana. Katika taarifa yetu ya shule yambwa ilikuwa maktaba. Utetezi wangu ukaishia hapo.

Wala mtu asiseme kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu ndiyo maana neno likapotea. Kama kuna watu waliojua kuzidiana matumizi ni watu wa mwambao. Mjini Mombasa, katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, palikuwa na vyama vya ngoma ya beni vilivyogawanyika pande mbili, Kingi na Skochi, na mwanahistoria Terence Ranger aliviandikia katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Ibinaal Watan na Banu Saada ni viwili kati ya hivyo, na mtafiti Margaret Strobel amevieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Sare, karamu, mapambo, maandamano: chama kimoja kikifanya hili, cha pili hakikulala mpaka kimefanya kubwa kuliko hilo. Mtu aliyetaka kulaumu alikuwa na neno lake, israfu. Lakini waliokuwa uwanjani hawakuwa na habari ya kiasi kilichopitwa, kwa kuwa hapakuwekwa kiasi. Habari ilikuwa ni nani amempiku nani, na nani amemkomoa nani. Kupiku, neno lililotoka katika mchezo wa karata, ni tafsiri tamu ya "outspend" pale ambapo kuzidiana kwenyewe ndiko lengo. Silipendekezi kwa taarifa ya halmashauri ya shule. Kwa insha, litafaa.

Wako walimu wanaopenda kufundisha kwamba "outspend" ni "kumshinda mtu kwa matumizi". Si kosa, ila nawasihi walitumie kwa hadhari, hasa katika habari za uchaguzi. Chukua uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 2016. Kampeni ya Hillary Clinton ilitumia fedha nyingi kuliko ya Donald Trump. Ukiandika "Clinton alimshinda Trump kwa matumizi", msomaji anayesoma vichwa vya habari akiwa ndani ya matatu atayaona maneno matatu ya mwanzo tu, na atashuka na habari ya uongo. Andika "alimzidi". Tena tazama jinsi kitenzi hiki kinavyotufaa katika kisa kizima: Clinton alimzidi Trump matumizi, na alimzidi kura za wananchi kwa takriban milioni tatu, lakini Trump alimshinda kwa kura za wajumbe, 304 dhidi ya 227. Kuzidi na kushinda vimesimama mahali pake, wala hakuna kilichoumia. Mwaka 2020 bilionea Michael Bloomberg, akitafuta tiketi ya chama cha Democratic, alitumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake, akawazidi wapinzani wake kwa umbali wa mbingu na ardhi, kisha akaibuka mshindi mahali pamoja tu: visiwa vya American Samoa. Ukitafsiri habari za mtu huyo kwa "alitumia kupita kiasi", utakuwa umetoa maoni yako. Pengine ni maoni mazuri. Lakini huo si ukalimani.

Hapa nchini tofauti hii imekuwa na uzito wa sheria. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria ya ufadhili wa kampeni za uchaguzi, iliyoipa tume ya uchaguzi, IEBC, uwezo wa kuweka ukomo wa matumizi ya wagombea. Agosti 2021 tume ikachapisha viwango. Cha mgombea urais kilikuwa takriban shilingi bilioni 4.4. Bunge la Kitaifa likazikataa kanuni hizo mwaka huo huo, na uchaguzi wa Agosti 2022 ukafanyika bila viwango hivyo. Sitaki kuingilia siasa. Safu hii ni ya lugha. Lakini ona kilichotendeka katika msamiati. Pasipo mpaka hakuna kuvuka. Katika uchaguzi ule hakuna mgombea ambaye ungeweza kusema, kwa maana ya sheria, kwamba alitumia kupita kiasi, hata kama alimwaga noti kutoka angani. Neno lililobaki kwa mwandishi mwaminifu lilikuwa "kuzidi": huyu alimzidi yule. Nalo ni neno lisilopeleka mtu mahakamani. Wanafunzi wangu niliwapa zoezi wakati huo la kukusanya vichwa vya habari na kuangalia ni wapi "kupita kiasi" kumetumiwa, na kuuliza kila mara: kiasi kipi, kilichowekwa na nani? Ni swali la yule mzee mvuvi. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani sentensi niliyompa ilimwalika aulize hilo.

Hili ndilo linalonikera hadi leo kuliko aibu yenyewe. Taarifa ya Kiingereza ilikuwa na swali zito ndani yake. Halmashauri ilikaa, ikagawa fedha, ikaona ni sawa uwanja upate mara mbili ya vitabu. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na uamuzi, na wazazi walikuwa na haki ya kuujadili: tunataka watoto wetu wapewe nini kwanza? Kwa kubadilisha kitenzi, nilibadilisha kesi. Badala ya waamuzi kuulizwa juu ya uamuzi wao, kijana asiyekuwa na sauti katika kikao kile aliulizwa juu ya wizi usiokuwapo. Mkutano ulikwisha saa kumi alasiri, na neno "maktaba" halikutajwa tena na mtu yeyote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na mwalimu yule wa michezo katika kivuko cha Likoni, mvi zimemwingia kama zilivyoniingia mimi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kilichotokea usiku ule wa chemli: kitenzi cha Kiingereza, sentensi yangu, na kimya changu katika safu ya nyuma. Alinisikiliza hadi feri ikagusa upande wa pili. Nilitarajia hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwayo.

"Kwa hiyo ilikuwa ni maktaba," akasema. "Miaka yote hii nilidhani kuna mtu aliyenichongea." Akachukua mfuko wake, akageuka kidogo huku watu wakitusukuma kutoka. "Na vitabu, mwalimu? Mwaka uliofuata mliviongezea?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mgao wa mwaka uliofuata ulikuwa ule ule.